Swali la Saba

Hojaji mia sita na kumi na mbili
zilirudi Nurmes kwa posta, Februari,
nyingine zikinuka kahawa, moja ina unywele wa paka
ulionaswa kwenye gundi ya bahasha.
Wazee walikuwa wamejaza kwa penseli.
Swali la saba liliuliza:
wiki iliyopita ulizungumza na nani?
Weka alama kwenye yote yanayokuhusu.
Moja, mtoto wangu. Mbili, jirani.
Tatu, muuguzi. Nne, mwenye duka.
Ikashuka hivyo hadi kumi na moja, mbwa au paka,
na chini kabisa, kumi na mbili:
hakuna.

Mimi ndiye niliyezichapa.
Kwa uvivu, nakiri, nilimpa kila mzee kisanduku kimoja
nikasokomeza humo majibu yake yote,
mkato baada ya mkato, kama dagaa koponi:
2,4,11
3
12
Kisha nikaiambia kompyuta: nihesabie penye moja.
Ikahesabu. Haina hiana, haina na akili.
Iliona moja tumboni mwa kumi na moja,
ikaona moja mlangoni mwa kumi na mbili,
ikasema: huyu naye amezungumza na mwanawe.
Na ile mbili iliyofuata? Na jirani pia.

Ndivyo nilivyowagawia watoto
watu wasio na mtu.

Bwana Ketola aliipenda ripoti.
"Tarafa yetu haina wapweke," alisema,
akipaka siagi mkate mweusi.
Makofi yakapigwa, ya watu wanne.

Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Höljäkkä
aliyeikandamiza alama yake kwenye kumi na mbili
hata karatasi ikatoboka.
Tundu lile sikulisahau. Nikamtafuta kwenye ripoti:
mtoto, ndiyo. Jirani, ndiyo.

Nikabomoa.
Jedwali moja la watu, jingine la majibu,
na kati yao la tatu, jembamba, safu mbili tu:
nani, nini.
Alama moja, mstari mmoja.
Mwenye alama tano, mistari mitano;
aliyepita bila kugusa swali, asiandikiwe kitu,
maana aliyenyamaza si sawa na aliyesema hakuna.
Mikato ikaisha. Namba haikulala tena ndani ya namba.
Nikachapa upya, karatasi kwa karatasi, siku nne,
na kuhesabu kukawa kazi ya pumzi moja.
Hakuna: themanini na tisa.

Halafu karatasi ya 347.

Baba yangu hajui kuweka vema.
Miaka thelathini kiwanda cha mbao
alitia magogo msalaba wenye mkia,
mkia unaopinda kushoto, kwa chaki ya buluu.
Niliujua kabla sijajua kusoma.
Hojaji haina jina. Mkia una jina.
Alama ilikuwa moja tu, kwenye moja:
mtoto wangu.

Mtoto wake ni mmoja.
Na wiki ile sikumpigia. Wala ya kabla yake.
Nilikuwa na shughuli,
nilikuwa nahesabu upweke wa watu.

Kosa nililoling'oa kwenye mashine
mzee amelirudisha kwa penseli, kwa hiari yake,
asije akaniaibisha mbele ya karatasi.

Nikaandika: 347, 1.
Mwenye kuhesabu hana ruhusa ya kusahihisha.

Nje, trekta la theluji lilipita na taa yake ya manjano.
Nikashika simu, nikijua itaingia kwenye wiki hii;
wiki iliyopita haipigiwi simu.
Iliita mara saba.
"Haloo," akasema, kwa sauti iliyokuwa imeshika kutu,
"ngoja kidogo, nipunguze redio."

Nilingoja.
Sikusikia redio yoyote.